Kosa Lako ni Kiasi Gani?

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama mlangoni kwa Daktari, tasnifu kwapani, viatu vinang'aa, nikingoja kupongezwa.

Kwa wewe unayeanza leo: mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu, babu wa wajukuu, niliyesoma shule ya jioni mpaka nikapata shahada ya kwanza. Sasa nasomea uzamili wa fizikia chuo kikuu, katika darasa ambalo wenzangu wote wananiita Babu Mizani. Nimeshasimulia jinsi mlinzi wa getini alivyonizuia akidhani nimekuja kumchukua mjukuu. Nimesimulia pia jinsi kompyuta ilivyomeza sura yangu ya pili nzima nzima. Ya tasnifu, si ya usoni. Kinyozi wangu bado ananiuliza.

Hayo yote yalikuwa mchezo.

"Karibu, Mzee wangu. Kaa."

Daktari ndiye msimamizi wangu. Kwa umri ni sawa na kitinda mimba wangu, na kwa akili ananipita mbali, jambo lililonichukua muda kulikubali. Siku zote hunipokea kwa tabasamu. Siku ile hakutabasamu.

"Nataka nikuulize swali moja," akasema. "Kosa lako ni kiasi gani?"

"Kosa gani?"

"Kosa la vipimo vyako."

"Sina."

"Huna?"

"Daktari, yale matofali nimeyapima kwa mikono yangu hii. Sikukosea hata moja."

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

Utafiti wangu ni rahisi kuueleza. Unachukua udongo, unachanganya na vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, unafyatua tofali. Unataka kujua joto linapita ndani yake kwa urahisi gani, maana likipita kwa shida, nyumba itakaa baridi na watu watalala. Unaliweka tofali juu ya sahani ya moto, unachomeka waya moja chini na moja juu, na waya zote zinaingia kwenye kisanduku cha kijivu chenye betri yake ya kukaa miezi. Unabonyeza kitufe, kisanduku kinakuandikia namba. Basi.

"Mtahini wa nje amerudisha tasnifu yako," Daktari akasema. "Sikiliza alichoandika. 'Kila tofali limepimwa mara tatu, na mara zote tatu namba ni ile ile hadi tarakimu ya mwisho. Hakuna mkono wa binadamu unaopima hivi. Naomba chuo kichunguze kama namba hizi zilipimwa au zilipikwa.'"

"Zilipikwa?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mimi nimepika tofali, Daktari! Namba sijapika!"

"Shusha sauti, Mzee wangu. Kuta hizi nyembamba."

"Acha wasikie! Mimi, niliyetumia maisha yangu kukamata wapunjaji, leo niitwe mpishi wa namba?"

Akaningoja nitulie. Ana subira, Mungu ambariki. Kisha akauliza polepole, kama daktari wa kweli anayetafuta pa kuchoma sindano.

"Kila tofali ulilipima mara ngapi? Kwa kweli."

"Mpaka namba zikubaliane."

"Zikubaliane vipi?"

"Asubuhi kisanduku kinakuwa hakijatulia. Unapima, kinakupa hii. Unarudia, kinakupa ile. Basi nakiacha kiendelee na kazi, narudia, narudia. Mchana ukifika kinatulia. Kinatoa namba moja, mara tatu mfululizo. Hapo ndipo naandika."

"Na zile za asubuhi?"

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zilikuwa mbovu."

Daktari akafumba macho. Nikaona nimweleze, maana vijana hawajui mambo haya. Mizani ikikupa namba tatu kwa gunia moja, hiyo ni mizani inayocheza. Huiambii mizani pole. Unaifunga, unaipiga muhuri, na mwenye duka unamfikisha mbele ya sheria. Nimewasimamisha watu mahakamani kwa kosa ambalo lingeenea kwenye ukucha. Kosa ni kosa. Anayekuonyesha kosa lake anakuonyesha hatia yake.

"Sahani ikishapata moto sawasawa, namba hutulia kidogo, nakubali," Daktari akasema. "Lakini haziwi ile ile. Haziwi kamwe. Mzee wangu, zile ulizofuta ndizo zilizokuwa ushahidi wako."

"Sasa itakuwaje?"

"Utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wakiona umetunga matokeo, utafukuzwa, na jina lako litabandikwa ubaoni pamoja na wadanganyifu wengine."

 

Ule ubao naujua. Uko pale wanapopita wote, mkabala na maktaba. Nimewahi kusimama pale nikasoma majina ya watu na kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu mwema.

*

Nje, kwenye varanda, nikakutana na fundi wa maabara. Jina lake la kuzaliwa hakuna anayelijua tena. Wote tunamwita Usiguse, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Daktari alikuwa ameniambia nikitoka kwamba chuo kilishamhoji, naye akatoa ushahidi.

"Umenichoma, bwana mdogo."

"Sijakuchoma, Mzee. Niliulizwa kama nilikuona ukifuta namba. Nilikuona. Ulitaka niseme ulikuwa unafuta jasho?"

"Ungesema hukuona."

"Wewe ulipokuwa kwenye mizani yako, ungesema hukuona?"

 Nikachukia zaidi.

"Na kisanduku umenichoshea," akaendelea, kwa kuwa mtu akianza kusema yanayomkera hamalizi mapema. "Kutwa nzima kinafanya kazi bila kuzimwa. Kile kizee, mwenzako. Kikichoka kinanuna."

"Kisanduku kinanuna?"

"Kinanuna kama mtu. Ukikizima kikalala, kesho yake kiko sawa."

Sikumjali. Usiguse ndiye aliyewahi kuniambia kwamba kompyuta ya kona ina wivu.

Mchana ule ule akapewa amri ya kuifunga meza yangu ya kazi. Kila kitu kibaki kama nilivyokiacha mpaka kamati ikae: sahani, waya, kisanduku kikiwa bado kimewaka tangu kipimo cha mwisho, na tofali langu la mwisho. Asiguse mtu, asiwashe, asizime. Akazungushia utepe mwekundu kwa furaha ambayo sijapata kuiona usoni mwake. Maisha yake yote alikuwa akingoja amri kama ile.

*

Nyumbani, mke wangu alikuwa anakunja nguo. Yeye ni mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake, na nusu iliyobaki inamwogopa.

"Mbona uso umekaa hivyo?"

"Wanasema nimepika."

"Wewe? Wewe hata chai inakushinda."

"Sitanii, Mama. Wanasema nimepika namba. Wanataka jina langu libandikwe ubaoni na wezi."

Akaacha kukunja. Utani ukamtoka usoni.

"Wewe umewaibia nani?"

"Sijamwibia mtu."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka niseme makosa yangu ni kiasi gani."

Akanitazama. Nikaona midomo inaanza kumcheza.

"Nawahurumia hao watu," akasema. "Mimi nimengoja tangu harusi."

"Sikukosea, Mama."

"Unaona?"

"Naona nini?"

"Siku ile uliyotupeleka msibani kwa watu tusiowajua. Tukalia. Tukakumbatia wafiwa. Mpaka marehemu alipotajwa jina ndipo tukajua si yeye. Ulisema nini?"

"Yamepita hayo."

"Ulisema wenye msiba ndio waliokosea nyumba."

Nikainuka nikaenda kukaa uani. Kuna siku mtu hata uani kwake hapati pa kujificha, maana sauti ya mke wangu ilinifuata dirishani ikicheka peke yake.

*

Daktari akaniita tena kabla ya kikao. Hakuniambia nikae. Alinipa rula.

"Pima urefu wa meza yangu."

"Daktari, mimi ni mtu mzima."

"Pima, Mzee wangu."

Nikapima. Nikamtajia. Akapima yeye kwa rula ile ile, akapata tofauti na mimi, tofauti ndogo kama unene wa uzi.

"Nani kakosea?" akauliza.

"Wewe."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze. "Haya. Rudia wewe."

Nikarudia. Niliinama mpaka pua ikagusa meza. Nikapata namba ya tatu, isiyokuwa yake wala yangu ya mwanzo.

"Sasa nani kakosea?"

 Nilitaka kusema rula. Nikaitazama rula. Nikaona aibu kuisingizia rula.

"Hakuna aliyekosea," akasema. "Meza haijarefuka. Ni mkono, ni jicho, ni rula, ni hewa. Ukirudia mara nyingi, namba zinacheza huku na huku, na kule kucheza kunakwambia unaijua meza kwa kiasi gani. Huko ndiko tunakokuita kosa. Kosa si dhambi, Mzee wangu. Ni kusema: najua mpaka hapa, kutoka hapa kwenda mbele sijui."

"Na asiyesema?"

"Tunamshuku."

"Yaani kwenu ninyi, mwenye makosa ndiye mkweli?"

"Mwenye makosa aliyoyaandika."

"Kwa nini basi mkaliita kosa? Mngeliita hata mchezo. Mngeliita mtikisiko. Mngeniokoa!"

"Ndilo neno tulilolikuta."

"Ni neno baya."

"Baya sana," akakubali.

Niliondoka nimeudhika na waliotunga neno lile, waliokaa mahali penye kivuli, wameshiba, wasijue kwamba siku moja atakuja mkaguzi wa mizani. Nikaudhika na mwalimu wangu wa shule ya jioni, aliyetufundisha fizikia yote ubaoni kwa chaki na hakuwa na kifaa hata kimoja, kwa hiyo namba zake hazikuwahi kucheza. Lakini zaidi ya wote nilijiudhi mwenyewe, kwa sababu kila nilipogeuza maneno ya Daktari kichwani niliyakuta yamesimama wima.

Zile namba za asubuhi hazikuwa mbovu. Zilikuwa zinaniambia kitu. Nami nikazifukuza kama kuku jikoni.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

"Kesho nitasimama mbele yao," nikamwambia mke wangu, "na nitawaambia nina makosa."

Sahani ikamponyoka kwenye maji ya kuoshea.

"Sema tena."

"Nina makosa. Kila mtu anayo. Ni elimu, hutaelewa."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi utaniambia lini?"

"Mama, haya ni mambo ya fizikia."

"Basi nakuja," akasema, akipangusa mikono. "Nitakaa nje ya mlango. Hicho kitu siwezi kukikosa."

*

Chumba cha kikao kilikuwa na joto la tanuri. Feni ya kusimama ilikuwa kwenye kona, imechomekwa ukutani na haizunguki, na kila aliyeingia aliipiga kofi moja la mgongo kisha akakata tamaa. Mwenyekiti, mwalimu wa sheria mwenye miwani mizito, alikuwa akijipepea kwa tasnifu yangu. Nikasema moyoni: hatimaye utafiti wangu umempunguzia mtu joto.

Kando yake alikaa mwandishi wa kikao, vidole juu ya kompyuta. Daktari aliwekwa kwenye kiti karibu na ukuta. Kwa taratibu zao msimamizi hazungumzi mpaka aulizwe.

"Mzee," Mwenyekiti akaanza, "unatuhumiwa kutunga matokeo ya utafiti. Unasemaje?"

Nikasimama. Hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vipimo vyangu vina makosa."



"Vingapi?"

"Vyote."

Tasnifu ikaacha kupepea.

"Unasema vyote?"

"Vyote, mheshimiwa. Hakuna kipimo kisicho na kosa. Na makosa hayo yalikuwepo tangu siku ya kwanza, ila mimi sikuyaandika. Niliyafuta kwa mkono wangu. Nasimama hapa kuyasema bila aibu."

Nilitazama kule kwa Daktari nikitegemea uso wa mwalimu aliyefurahi. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Andika," Mwenyekiti akamwambia mwandishi. "Mtuhumiwa amekiri makosa katika vipimo vyote. Amekiri pia kufuta ushahidi. Ameongeza kwamba hana aibu."

"Sikukiri!" nikasema. "Nimeeleza!"

"Kuna tofauti gani?"

"Kosa ninalolisema si kosa!"

Mwandishi akainua kichwa. "Niandike 'kosa si kosa'?"

"Usiandike," Mwenyekiti akasema.

"Andika!" nikasema mimi.

"Mzee, mwandishi ni wangu."

"Lakini maneno ni yangu! Mheshimiwa, kule kwetu fizikia mtu mwenye makosa ndiye mkweli!"

"Na kule kwetu sheria," akajibu taratibu, "mtu mwenye makosa ana makosa."

Jasho likanishuka mgongoni. Nimekaa upande ule wa meza maisha yangu yote. Nimewasikia wenye maduka wakipiga kelele kwamba jiwe la mizani limeliwa na kutu, kwamba ni joto, kwamba ni upepo. Sikuwahi kumsikiliza hata mmoja mpaka mwisho wa sentensi.

Daktari akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamruhusu sentensi moja tu.

"Mwenyekiti, kosa la kipimo ni zile namba kucheza kidogo ukirudia kupima, na halina uhusiano wowote na hatia."

"Namba za watu wote hucheza?"

"Za wote."

"Lakini za mzee huyu hazichezi. Ndiyo sababu tumeitwa hapa kuungua." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Sawa. Mimi ni mtu wa ushahidi. Kifaa kiletwe. Apime hapa, mbele yetu. Kama namba alizipima kweli, tutaona. Kama alizitunga, tutaona pia."

Usiguse akaingia akisukuma toroli, amenyooka kama mbeba kombe. Juu yake kulikuwa na sahani, tofali langu la mwisho, waya, na kisanduku cha kijivu, na utepe mwekundu bado umezunguka.

"Viko kama vilivyoachwa," akatangaza. "Sikugusa, sikuwasha, sikuzima."

Akakata utepe. Akachomoa feni ile iliyogoma, akachomeka sahani mahali pake. Kisha akarudi nyuma, mikono mgongoni.

Msomaji, tangu niajiriwe nimeomba kila asubuhi mizani isicheze. Siku ile nilisimama mbele ya watu wazima nikiiomba icheze. Nilitaka kidogo tu, tarakimu ya mwisho ipande moja, ishuke moja. Ikicheza karibu na namba iliyo kwenye tasnifu, nitakuwa mkweli mwenye makosa, na Daktari atakuwa na la kuwaonyesha. Ikienda mbali kabisa, nimekwisha.

Tukangoja sahani ipate moto. Mwenyekiti alijipepea. Mwandishi alijipepea. Usiguse hakujipepea, alikuwa kazini.

Nikabonyeza kitufe.

"Sifuri nukta nne moja saba," Mwenyekiti akasoma. Akafungua tasnifu, akapekua mpaka kurasa za mwisho, akaweka kidole. "Sifuri nukta nne moja saba."

Mwandishi akaacha kujipepea.

"Rudia."

Nikabonyeza. Sifuri nukta nne moja saba.

"Tena."

Ile ile.

Nilifunga macho nikingoja kelele. Nilijua watasema nimekuja na uchawi. Lakini nilichosikia ni kiti kikisogezwa. Mwenyekiti alikuwa amesimama, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mtu akituhumiwa kutunga namba," akasema, "na namba ile ile ikatoka mbele ya macho yetu mara tatu, sheria haina cha kuongeza. Mzee, nadhani tumekuonea."

Mlango ukafunguka kidogo. Kichwa cha mke wangu kikaingia.

"Ameshasema?"

"Amesema nini, mama?" Mwenyekiti akauliza.

"Kwamba amekosa."

"Hakukosa, mama. Furahi. Mume wako hana kosa hata moja."

Sijawahi kumwona mwanamke aliyevunjika moyo kwa habari njema kama ile.

Watu wakaanza kucheka. Mwandishi akanipa mkono. Hata Usiguse alilegeza bega moja. Nami kifua kikaanza kunijaa kama zamani. Nikauona ubao ule mkabala na maktaba bila jina langu. Nikaliona joho, na mimi ndani yake, na kinyozi wangu mstari wa mbele.

Ni Daktari peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa amesimama pale ukutani, shingo mbele, akikitazama kisanduku kwa mbali.

"Mara tatu?" akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Hadi tarakimu ya mwisho?"

Nikageuka nilitoe tofali kwenye sahani. Kwa kawaida natumia kitambaa kinene, maana limewahi kunibabua ngozi. Kwa furaha yangu nikasahau kitambaa. Nikaweka kiganja moja kwa moja juu ya tofali, na papo hapo nikakumbuka, nikakaza meno nikingoja kuungua.

Sikuungua.

Tofali lilikuwa baridi.

Nikateremsha vidole mpaka kwenye sahani yenyewe. Baridi. Nikafuata waya ya sahani kwa macho mpaka ukutani, kwenye tundu lile ambalo feni ilikuwa imechomekwa isizunguke. Feni haikuwa na ubaya wowote. Ukuta ndio uliokuwa haumpi mtu umeme.

Nikakitazama kisanduku. Sifuri nukta nne moja saba. Hakikuwa kimepima kitu. Kilikuwa kimesimama na namba ile ile tangu siku nilipokiacha.

Kikichoka kinanuna.

Ndipo nikaona mambo yote kwa pamoja: asubuhi zangu zote ambazo namba zilicheza, na michana yangu yote ambayo kisanduku "kilitulia". Hakikutulia. Kilichoka, kikanuna, kikawa kinarudia neno lake la mwisho kila nilipokibonyeza. Na mimi, kwa ustadi wa mkaguzi wa mizani, nilizitupa namba zote zilizokuwa hai nikaandika zile zilizokufa. Tofali la kwanza hadi la mwisho.

Sikupika namba. Nilifanya kazi safi, ya uaminifu, na haikuwa na kitu ndani yake.

Na chumba kizima hakuna aliyejua. Kiganja changu kilikuwa kimelifunika tofali. Ningeweza kuchomoa sahani, kuzima kisanduku, kukunja waya polepole kama mzee anayejitunza, na kutoka pale mtu safi. Daktari alikuwa anakuja, lakini viti vilikuwa vingi kati yetu.

"Jambo la mwisho, Mzee wangu," Mwenyekiti akasema kwa upole, akikusanya karatasi zake. "Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, tufunge tukapate hewa. Lile neno lako la mwanzo limetuchanganya. Jibu kwa kifupi, mwandishi aandike. Vipimo vyako vina makosa, au havina?"

Mwandishi akarudisha vidole kwenye kompyuta, akitabasamu. Mke wangu alikuwa bado mlangoni.

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya tofali, na tofali lilikuwa bado baridi.